Betri mbovu ndiyo iliyoniokolea Hilux, sasa naogopa kununua mpya

NdiziZaTukuyu

Wakuu, habari za jioni.

Nina pikapu, Hilux ya 1995, milango miwili, injini ya dizeli aina ya 3L. Kazi yake ni moja: saa tisa usiku natoka nayo Kimara Suka kwenda Mabibo, pale sokoni Mahakama ya Ndizi, napakia mikungu, kisha nasambaza kwa mama lishe na baa za huku kwetu mpaka saa nne asubuhi. Nyumba ninayopanga haina geti wala nafasi ya kuingiza gari, kwa hiyo inalala nje chini ya mwembe, hatua kama thelathini kutoka dirishani kwangu.

Alhamisi iliyopita naamka kama kawaida, naifuata gari, nakuta mlango umerudishiwa tu. Kitasa hakijavunjwa. Kwa kweli hakuna haja ya kukivunja, maana kimelika kiasi kwamba mwanangu aliwahi kukifungua kwa mpini wa kijiko. Ndani, plastiki ya chini ya stelingi ipo sakafuni, nyaya za swichi zinaning'inia, mbili zimechunwa na kusokotwa pamoja vizuri kabisa, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Bisibisi wameniachia kwenye kiti. Mpini wa njano.

Mbona hawakuondoka nayo? Betri. Betri yangu ina miezi minne haimalizi usiku na chaji. Kila alfajiri mimi na jirani yangu wa bodaboda tunaisukuma mpaka kwenye kamteremko ka mbele ya kanisa, naachia klachi kwenye gia ya pili, inawaka. Jirani namlipa kwa ndizi. Wale jamaa nadhani walipiga stata ikalia "tik, tik" basi, na kuisukuma dizeli yenye bodi ya chuma kwenye mchanga ule kunataka watu na kelele.

Sasa betri mpya nilishaiwekea hela yake pembeni. Mke wangu ananiambia nikiifunga nitakuwa nimewarahisishia wezi. Nilicheka, lakini usiku sikulala. Nje ya hela ya betri nina laki moja na nusu, mwisho hapo. Bima ni ile ndogo, haigusi wizi, kwa hiyo gari ikiondoka imeondoka na ndizi zangu zimeondoka. Kifaa cha kufuatilia gari nimekiulizia, bei ya kukifunga na ya kulipia kila mwaka vikanimaliza hamu. King'ora nacho huku hakimwamshi mtu, kuna Noah mtaa wa pili inalia kila paka akipita juu ya boneti.

Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi? Natanguliza shukrani.

---

FundiWaya_Tabata

Pole mkuu, na hongera, maana wengi wanakuja kuuliza gari ikishaondoka.

3L ni injini nyepesi kuilinda kuliko hizi za kisasa, haina kompyuta ya kubembeleza. Ikishazunguka, umeme inaoutaka ni mmoja tu: wa solenoidi ya kukata mafuta. Fungua boneti, tafuta pampu ya dizeli, ile inayotoa mabomba manne ya chuma kwenda kwenye nozeli. Karibu na yanapotokea mabomba hayo utaona kidude kama kichwa cha bolti nene, kina waya mmoja juu umekazwa kwa nati ndogo. Mtu awashe swichi bila kupiga stata, wewe weka kidole pale: utasikia "tak". Hapo mafuta yamefunguliwa. Waya ule ukikosa umeme, piga stata mpaka jua litoke, sukuma mteremko wote wa Kimara, haiwaki. Hata hilo janja lako la gia ya pili halitafua dafu.

Kwa hiyo waya ule unakatwa kule ndani, nyuma ya dashibodi, unapitishwa kwenye swichi ya siri. Hapa ndipo mafundi wenzangu wengi wanapoharibu. Wanatoboa chini ya stelingi, wanabandika kiswichi chekundu. Mwizi mkono wake unaanzia hapohapo! Mimi hutafuta kibonye ambacho tayari kipo kwenye gari na kimekufa siku nyingi, kila mtu anakiona na hakuna anayekijali. Waya nautafuta wa rangi ileile ya gari, wa zamani, na tepu naipaka vumbi na grisi kidogo. Waya mpya unaong'aa katikati ya waya za 1995 ni sawa na kumwekea mwizi kibao cha "pita hapa". Fyuzi iwepo. Ukishafunga usituambie hapa jukwaani ni kibonye kipi, na usimwambie mtu mwingine yeyote.

Udhaifu wake ni huu: anayeijua 3L vizuri atafungua boneti, atavuta waya wake toka betri moja kwa moja mpaka kwenye solenoidi, ataondoka. Kwa hiyo swichi bila kufuli la boneti ni nusu ya kazi. Kwangu swichi, waya na ufundi ni elfu ishirini na tano.

---

MzeeWaFuso

Fundi kasema vizuri, lakini sisi wa zamani tulikuwa tunaweka koki tu kwenye mpira wa mafuta unaotoka tangini. Elfu nane. Jioni unafunga, asubuhi unafungua. Mwizi anawasha, inawaka, anaondoka moyo mweupe, kidogo tu mbele inamzimikia katikati ya barabara. Swichi yako inamfanya akae kwenye gari akitafuta shida iko wapi. Koki yangu inamfanya akimbie.

---

FundiWaya_Tabata

Shikamoo mzee wangu. Koki inafanya kazi, sibishi. Ila pampu ikivuta mafuta yasipokuja inanyonya hewa kwenye kila kiungio kilicholegea, na gari ya 1995 viungio vilivyolegea ni vingi. Utakuta umeipata gari yako, lakini unapampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka vidole vinakufa ganzi ndipo hewa itoke. Na ikizimikia mbali na macho ya mwenyewe, wanashusha betri na matairi palepale. Mimi nataka isitoke chini ya mwembe.

---

MzeeWaFuso

Marahaba. Hapo kwenye matairi umenishika.

---

MamaKirikuu

Kaka wa ndizi, pole sana. Mimi nina Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya kusambazia maji, niko Mbagala, na naona hapa wanaume mnawaza wezi wa gari nzima tu. Wa gari nzima ni wachache. Wengi ni wa vipande, na hao hawahitaji hata kuwasha. Mimi mwaka jana nilipoteza betri na stepni usiku mmoja. Asubuhi Kirikuu imesimama pale imetulia kama vile haijui kilichotokea, nikaipakia katoni sabini za maji, naingia kuwasha, kimya. Kushuka, kufungua, nakuta kitanda cha betri kitupu na nyaya mbili zimekatwa kwa msumeno. Hata hawakufungua nati. Nyaya zile ndizo zilizoniuma kuliko betri.

Sasa wewe unaleta betri mpya nje, chini ya mwembe. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee chuma cha pembe kinachopita juu ya betri, upande mmoja bawaba, upande mwingine kufuli. Mimi nilitengenezewa kwa elfu kumi na tano, kufuli nikajinunulia. MUHIMU: chuma kisigusane kabisa na kichwa cha chanya cha betri, kata kipande cha mpira wa tairi ukiweke katikati, la sivyo utaunguza gari mwenyewe kabla wezi hawajafika.

Stepni ya Hilux si inaning'inia chini ya bodi? Ile inashushwa na mtoto kwa kuzungusha chuma. Pitisha mnyororo kwenye tundu za rimu na kwenye fremu, ufunge kwa kufuli. Vioo na taa wachoree namba ya gari, vijana wenye mashine za kuchorea wamejaa barabarani. Kioo chenye namba hakina mnunuzi wa haraka.

Na chuma cha kufunga stelingi na klachi nunua hata cha mtumba. Kinakatika, ndiyo, msumeno unakikata. Lakini anayemulika tochi dirishani saa nane usiku anachagua kati ya gari yako na ya jirani. (Jirani anisamehe.)

Mbona usiilaze kituo cha mafuta? Wengi wanalipa elfu moja kwa usiku, mlinzi yupo, taa ipo.

---

NdiziZaTukuyu

Dada nashukuru, la betri sikuliwaza kabisa. Kituo cha mafuta nimelipigia hesabu: elfu thelathini kwa mwezi, na saa tisa usiku nikaifuate kwa boda ya elfu mbili kila siku. Bora nilale ndani ya gari.

Fundi, swali. Niko barabara ya Morogoro na mikungu themanini nyuma, halafu goti likagusa hicho kibonye cha siri. Inakuwaje?

---

FundiWaya_Tabata

Umeuliza jambo ambalo wateja wangu hawaulizi. Injini inazima hapohapo. Stelingi inakuwa nzito, hiyo utaimudu. Breki ndiyo shida. Kwenye 3L pampu ya vakyumu, ile inayofanya breki ziwe laini, imekaa nyuma ya altaneta, inazunguka injini ikizunguka. Injini ikizima unabaki na breki mbili au tatu laini kwenye akiba, halafu unakanyaga jiwe. Kwa hiyo kibonye kiwe mahali ambapo kidole lazima kiamue kwenda, goti lisifike, wala begi, wala mtoto. Na usikizime wakati gari inatembea eti unajaribu.

Ndiyo maana hata hivyo vifaa vya kuzima gari kwa simu sivipendi vikifungwa hovyo. Unamzima mwizi akiwa kasi, mbele kuna watu kituoni wanasubiri daladala. Kifungwe cha kuzuia isiwake tena ikishasimama.

---

KaraniWaBima

Kwa haraka tu. Kadi ya gari isikae kwenye gari, nakala inatosha. Piga picha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu, namba ya injini, na makovu yote ya bodi, zitunze kwenye simu na kwa mkeo. Nimeona mtu anafika kituo cha polisi kuandikisha RB, yaani taarifa ya wizi, anajua namba ya usajili tu, na kibao cha namba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokitoa. Na yeyote anayenunua kifaa cha kufuatilia cha bei rahisi, akumbuke kina laini ya simu ndani. Salio likiisha umebaki na plastiki.

---

NdiziZaTukuyu

Wakuu, narudi na mrejesho, ni siku ya kumi na moja leo.

Swichi kwa fundi, elfu ishirini na tano kama alivyosema. Chuma cha betri kumi na tano, makufuli mawili ya maana, la boneti na la betri, ishirini na nne jumla. Mnyororo wa stepni na kufuli lake kumi na nane. Chuma cha stelingi cha mtumba thelathini, kina kutu lakini kinaonekana mpaka barabarani. Kuchora namba kumi, herufi za kioo cha kushoto zimepinda, kijana alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Vitasa vya milango nimepata vya mtumba vyenye funguo, ishirini na tatu. Imebaki elfu tano, mama watoto kaichukua.

Betri mpya nikaifunga Ijumaa jioni. Jumamosi saa tisa nikafungua kufuli la stelingi, nikaingia, nikapiga stata. Jamani! Injini ilizunguka kwa nguvu ambayo nilishaisahau. Haikuwaka. Nikapiga tena. Tena. Nikashuka, nikafungua kufuli la boneti, nikafungua kufuli la betri, nikamulika na simu, kila kitu kipo. Jirani wa boda akasikia, akatoka na msuli wake, hakuuliza kitu, akaenda zake nyuma akaanza kusukuma kama ilivyo desturi yetu. Tukafika mbele ya kanisa, naachia klachi, gari inarukaruka kama mbuzi, haiwaki.

Ndipo nikakumbuka kibonye.

Fundi alisema nisimwambie mtu. Nikamwambia jirani tujaribu mara moja zaidi, akainama kusukuma, nami nikapeleka kidole. Ikawaka kabla hata haijasogea. Jirani kasimama pale anahema, ananiambia hiyo betri umeuziwa feki kaka, irudishe dukani leoleo. Nikamjibu nitairudisha. Ndizi zake nimempelekea saa nne, kichana kizima.