Mjadala: Eneo la kisima cha gesi liamuliwe na Serikali Kuu au na halmashauri?

Naandika kutoka Dodoma, mji usio na kisima hata kimoja cha gesi, lakini ndimo Bunge lilimopitisha Sheria ya Petroli ya 2015 kwa hati ya dharura. Sheria hiyo iliipa PURA (mamlaka ya taifa ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli) usimamizi wa utafutaji na uchimbaji, na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji) usimamizi wa usafirishaji na usambazaji. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, yenye kisiwa cha Songo Songo ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, haitoi leseni. Inatoza ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mapato ghafi ya kampuni. Huo ni mgawo wa fedha, nao hauwezi kuhesabiwa kuwa ni sauti katika uamuzi. Naamini vurugu za Mtwara za mwaka 2013, zilizogharimu maisha ya watu, zilitokana kwa sehemu kubwa na wananchi kuelezwa habari za bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam baada ya mambo kuamuliwa.

Msimamo wangu ni kwamba gesi ibaki mali ya taifa na viwango vya usalama viwe vimoja nchi nzima, ila halmashauri iwe na uwezo wa kisheria wa kuweka masharti juu ya eneo la kisima, njia za malori, na umbali kutoka shuleni na kwenye vyanzo vya maji.

Marekani wamepita njia zote mbili. Wakazi wa Denton, Texas, walipiga kura Novemba 2014 kukataza upasuaji wa miamba kwa maji ya shinikizo ili kutoa gesi (fracking) mjini mwao. Mei 2015 jimbo likatunga sheria ya kuinyang'anya miji mamlaka hayo, na katazo likafutwa. Colorado, kinyume chake, mwaka 2019 iliziruhusu kaunti na miji kusimamia eneo la kisima na athari za juu ya ardhi, hata kwa masharti makali kuliko ya jimbo.

Mchangiaji, Singida: Ndugu yangu, bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam linapita mikoa minne. Kila halmashauri ikiwa na masharti yake, nani atawekeza? Tena wahandisi wa gesi halmashauri zitawatoa wapi?

Mwanzisha mada: Hoja ya bomba naikubali kabisa: bomba linalovuka mipaka lisimamiwe na mamlaka moja. Kisima hakivuki mpaka. Kuhusu wataalamu, diwani hahitaji uhandisi kujua kwamba malori yatapita mbele ya zahanati, na PURA inaweza kutakiwa kisheria kuipa halmashauri ushauri wa kitaalamu kabla haijaamua. Tukumbuke pia kwamba sheria ndogo za halmashauri za wilaya hazianzi kutumika bila idhini ya Waziri, hivyo kizuizi dhidi ya uamuzi wa pupa kipo tayari. Kinachokosekana ni kifungu kinachomlazimu mwenye leseni kupata ridhaa ya halmashauri, kwa maandishi, kabla mtambo wa kuchimbia haujashushwa.