Wakuu naombeni ushauri, vijana nawafundishaje kuchagua lenzi?

Ticha wa Temeke: Habari zenu wakuu. Nafundisha kupiga picha kwenye kachuo kadogo huku Temeke, vijana 14 kamera tatu, zote Nikon D3400 na ile lenzi yake ya 18-55. Shida yangu somo la lenzi. Naandika ubaoni milimita, apecha (tundu la kuingizia mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), wananakili vizuri tu, kipindi kikiisha wananifuata "ticha kwa hiyo lenzi kali ni ipi?" Juzi mmoja kajichanga kanunua 50mm f/1.8D ya mtumba, kaja nayo anacheka, tumefunga haifokasi, anabonyeza anabonyeza wapi. Roho imeniuma maana mimi ndo niliisifia 50mm darasani na hiyo D sikuigusia kabisa. Naanzia wapi?

Kioo Safi: Pole ticha. Hizo D zinategemea mota ya fokasi ya kwenye kamera, na D3400 haina. Angechukua ya AF-S, yenye mota yake ndani, ile 1.8G. Ila asiitupe, afunge ringi ya apecha kwenye 22 la sivyo kamera itamletea fEE (alama ya kosa) na itagoma kupiga, afu azungushe fokasi kwa mkono. Akichungulia kuna kidoti chini kushoto, kikitulia ndo imekaa.

Mzee wa Fulufremu: Waambie wanunue fulufremu, kamera za sensa kubwa, waache kujitesa 😂

Ticha wa Temeke: Mkuu hapa wengine nauli tu ni kesi

Dada Sendoff: Mi ningewauliza kwanza unataka kupiga nini na wapi. Ukumbini usiku 18-55 ukiivuta mpaka 55 inagota f/5.6, 50mm kwenye 1.8 inaingiza mwanga kama mara kumi yake, hapo ndo utaielewa. Lakini sasa MC aite ukoo mzima mbele, kwenye hizo kamera za sensa ndogo 50 inaona kwa kubana kama 75 ya fulufremu, utarudi nyuma mpaka ukalie meza ya keki (yalinikuta mie, na keki ilikuwa haijakatwa). Siku hiyo nilijuta kuiacha 18-55 nyumbani.

Bin Pangani: Bandika gundi ya karatasi kwenye ringi ya zumu. Kikundi kimoja 18, kingine 35, kingine 55, wapige mtu yuleyule na uso ujae sawa kwenye fremu, kwahiyo wa 18 itabidi wamsogelee kabisa. Afu wekeni picha pembeni kwa pembeni. Na mtumba wafundishe kumulika tochi kupitia kioo kabla ya kulipa, huku Tanga unyevu unazalisha fangasi kama utando wa buibui, muuzaji atakwambia ni vumbi.

Ticha wa Temeke: Mrejesho wakuu. Jumamosi tumefanya ya gundi, tukamuomba mama ntilie wa getini akakubali. Kwenye 18 pua imekuja mbele, masikio hayaonekani, na mwiko alioshika umekuwa kama kasia. Kwenye 55 katulia kabisa. Darasa zima kimya wanaangalia, afu mmoja akasema "kumbe sio zumu tu, ni ulivyosimama". Sikuamini masikio yangu. Mama kaomba atumiwe ya 55, ile nyingine kasema tukiipost hatuli kwake tena. Yule wa lenzi ya D anafokasi kwa mkono, bajaji zilizopaki anazipata, zinazotembea bado.