Mrejesho: vijana wetu wa kuchangisha fedha za kituo cha watoto

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliomba ushauri hapa: vijana 12 wanaojitolea kuchangisha fedha za kituo chetu cha yatima walikuwa wanaacha mmoja mmoja, na hesabu za masanduku haziendi sawa. Ahsanteni sana mlionijibu.

Yule dada aliyeandika "wa kujitolea naye anapanda daladala" ndiye aliyetuokoa. Sasa nauli na maji wanapewa asubuhi kabla hawajatoka, siyo kudaiana mwisho wa mwezi. Nilidhani tatizo ni moyo, kumbe ni nauli!

Lipa namba (namba ya kituo ya kupokelea pesa kwa simu) tumeichapa kwenye vitambulisho vya shingoni. Mtu akitaka kutuma, jina la kituo linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Minong'ono imepungua kabisa. Masanduku yaliyobaki yana lakiri, yanafunguliwa mbele ya watu wawili, na mchangishaji mwenyewe anasaini.

Lililobuma: kubandika kwenye grupu la WhatsApp nani kaleta kiasi gani. Binti mmoja aliyekuwa anasimama Mwenge alijiona wa mwisho siku tatu mfululizo, akaaga kimyakimya. Nilimpigia kumwomba radhi, hajarudi. Orodha nimeifuta.

Wamebaki 9, na wawili wapya wanaanza Jumamosi. Ile shilingi 47,000 iliyopotea mwanzoni, hesabu zilipokuwa haziendi sawa, haijapatikana, kamati imeamua tuiache. Aliyeniahidi mfano wa fomu ya wachangishaji, bado naisubiri mkuu.