Mnaua mashine za gereji zinazotumia upepo wa kompresa kwa maji na oili chafu, halafu mnasema ni feki!

Wakuu, leo nimefika mwisho wa uvumilivu.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya upepo vya gereji hapa Dar. Kila mara naletewa mashine ya kufungulia nati za matairi "imekosa nguvu", na mwenye gereji ameshahukumu: kauziwa feki. Nikifungua kifuniko cha nyuma nakuta rota, kile kipande cha ndani kinachozunguka, imeganda. Vile vibapa vinavyotakiwa kuteleza kwenye mifereji ya rota, ambavyo ndivyo vinavyosukumwa na upepo, vimenasa kwenye uchafu mweusi mzito kama lami, na ukuta wa silinda umejaa kutu. Hapo ufeki uko wapi?

Huo weusi ni oili chafu mliyoitoa kwenye injini ya mteja mkaigeuza kilainishi. Kutu ni maji ya kompresa, ile mashine ya kubana hewa. Hewa ya Dar ina unyevu. Ikishabanwa na kupoa ndani ya tangi, maji yanatuama chini. Koki ya kuyatolea ipo hapo hapo chini ya tangi. Kwa nini hamuifungui kila jioni? Badala yake mashine ikichoka mnapandisha presha hadi psi 120, wakati nyingi zimeandikwa 90!

Oili ya vifaa vya upepo ni nyepesi. Matone manne matano kwenye tundu la kuingizia upepo kabla ya kazi, unabonyeza kidogo ienee, basi. Brekifluidi msiitie, inaharibu sili, yaani mipira ya kuzuia upepo usivuje. Grisi ni ya nyundo za ndani, zile za mbele ya mashine zinazogonga kulegeza nati, msiipake kwenye rota. Mashine ikianza kuwa nzito, chomoa mpira wa upepo, tia mafuta ya taa kidogo, zungusha kwa mkono, kisha rudisha upepo ipulize uchafu nje, mbali na uso na mbali kabisa na anayechomelea. Halafu tia oili papo hapo, maana mafuta ya taa yanaiacha kavu. (Na mpira uliopita oili usiupeleke kwa mpiga rangi, utamharibia bodi nzima.)

Kinachoniuma kuliko vyote ni mabosi mnaomkata kijana mshahara kwa "kuharibu mashine". Juzi kuna mmoja kaja na dogo wake, anamfokea mbele yangu. Nikauliza oili ya mashine iko wapi. Hajawahi kununua hata chupa moja! Bosi, kama unasoma hapa, mrudishie yule kijana hela yake.