IST yangu namba D: niongezee nichukue Harrier, au nibaki nayo?

Mama Pembejeo

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisaidie hesabu, maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu na hakuna anayetoa hela.

Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, namba D (ile herufi ya kwanza kwenye pleti; E ni za karibuni zaidi). Niliinunua 2019 kwa milioni 12.5 ikiwa ndiyo kwanza imetoka bandarini. Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na gari hilo ndilo miguu yangu: Mwanjelwa kulipia mzigo, Isyonje na Kikondo kupeleka mbegu kwa wateja, mwisho wa mwezi Kyela kwa mama. Natembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi.

Maneno yameanza Krismasi. Shemeji yangu alikuja kutoka Dar na gari namba E. Akaizunguka IST mara mbili, akabonyeza bampa kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe, akasema, "Shemu, hiki mwakani hutapata hata milioni tano. Kitoe sasa." Tangu siku ile kila nikiwasha gari naisikia sauti yake.

Januari nikaenda yadi moja ya magari mjini, jina naliacha. Wana Toyota Harrier, umbo lile la mtaani wanaloliita tako la nyani, 2400cc, namba E, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona meno. Bei milioni 27. Jamaa akaiangalia IST dakika tatu, boneti hata hakufungua, akasema wataipokea kwa milioni 7, mimi niongezee 20. Akiba yangu ni 8. Saccos wako tayari kunipa 12 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa mkopo wote bila kujali umebakiza kiasi gani. Marejesho 680,000 kila mwezi.

Na kusema kweli si shemeji tu. Gari limechoka. Nikipanda Isyonje na mzigo nakanyaga mafuta mpaka chini, linaguna tu, gia inahangaika kwenda mbele na kurudi. Juzi Coaster ya Tukuyu imenipita, imejaa, na konda akanipungia mkono.

Daftari la mwaka jana nimelifungua hapa: shokapu za mbele 240,000, bushi 60,000, matairi mawili 260,000, betri 180,000, brek pedi 70,000, servisi nne za oili 380,000. Petroli na bima sijaweka.

Nifanyeje?

Mtoto wa Soweto

Uza mama, chukua mnyama. Maisha yenyewe haya.

Dalali Mstaafu

Mama Pembejeo, shikamoo kama umenizidi. Kama hujanizidi, basi marahaba.

Nimekaa kwenye magari miaka mingi kabla mgongo haujanistaafisha, kwa hiyo nitakwambia kile ambacho mimi nisingekwambia ukiwa umesimama yadini kwangu. Bei ya gari lako wanayokutajia haina maana yoyote mpaka ujue bei ya gari lao. Mtu akija na gari la kubadilisha, tunapandisha la kwetu kwanza, halafu tunampa "bei nzuri" ya la kwake. Anaondoka kafurahi. Milioni 7 unayoiona inaweza kuwa 5 iliyovalishwa suti.

Fanya hivi. Mtume mtu ambaye hawamjui, aende kama mteja wa hela taslimu, asitaje IST wala kubadilisha. Aulize Harrier ile ile, mwisho bei gani. Rudi hapa utuambie.

La pili, hilo la namba. Dar namba ni sura. Mtu ananunua herufi, gari anapewa kama nyongeza. Lakini mnunuzi wa IST Mbeya ni mwalimu, ni mfanyabiashara wa Tunduma, ni kijana anayetaka kuifanya teksi. Huyo anauliza injini imefunguliwa au haijafunguliwa, kadi ina jina la nani, na kama kuna faini za trafiki zimelala humo. Umeitunza, na daftari la servisi unalo? Nenda nalo. Madalali tunaliogopa daftari, linatuharibia bei.

Na shemeji mwambie gari hapa kwetu halishuki kama linavyoshuka Japan. IST za umbo lile zilitengenezwa 2002 hadi 2007. Anayetaka kuagiza moja leo atalipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na kwa sababu imepita miaka 10, ushuru wa uchakavu asilimia 30. Kwa hiyo iliyoko barabarani tayari, nzima, inashikiliwa na bei ya ile inayokuja. Yako imepoteza kiasi, sawa, lakini kiasi hicho kimeshaondoka na ukiiuza hakirudi. Kinachokusubiri ni cha Harrier, maana na yenyewe itazeeka, ila itaanza kuzeeka toka milioni 27 na wewe ukiwa bado unailipia.

Fundi wa Mafiati

Dada, mimi niingie kwenye hilo la kuguna.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Isyonje unapita 2,000. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. 1NZ ina nguvu za farasi 109 kwenye karatasi. Ukifika Isyonje umebaki na themanini na kitu, halafu umebeba mbegu, na umewasha kiyoyozi kwa ajili ya ukungu wa kwenye kioo. Nakuuliza swali moja tu: ukiwa Kyela, huko chini ziwani kwenye mita 500, linaguna?

Na hiyo Harrier, yenye injini ya 2AZ, itapigwa na hewa hiyo hiyo. Itapanda vizuri kuliko IST, sikatai, injini ni kubwa. Lakini 2AZ ikichoka inakunywa oili. Ukienda kuiangalia nenda alfajiri, uwaambie wasiiwashe kabla yako. Chomoa kijiti cha oili uone kiko wapi, kisha iwashwe, wewe simama nyuma. Moshi mweupe wa asubuhi hapa Mbeya usikutishe, ni baridi, hata bodaboda zinatoa. Wa bluu ndio ukimbie.

Kuhusu gia: oili ya gia boksi uliwahi kubadilisha? Kwenye daftari lako sijaiona. Mnabadilisha ya injini mara nne, ya gia mnaisahau mpaka gari liuzwe. Iwekwe oili ya aina ya T-IV, si yoyote iliyopo dukani. Na ukianza kupanda zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa), usiiache gia ijitafutie. Kabla ya yote hayo angalia filta ya hewa na plagi. Vitu vya bei ya kuku wawili.

Nesi wa Makambako

Mimi niwe sauti ya upande wa pili kidogo. Nilikuwa na Spacio, nikaing'ang'ania kwa maneno haya haya ya "bado nzima". Radieta ilikuwa inavuja, naongeza maji, naendelea. Ikanifia katikati ya mlima Kitonga, saa mbili usiku, malori yananipita kwa pembeni, na mtoto mgongoni. Gasketi imekwenda, hedi imepinda. Wenye breki dauni (gari la kuvuta) mpaka Iringa wananitajia bei huku wanaangalia saa yangu ya mkononi. Mwisho niliiuza kwa bei ya vipuri.

Sisemi uuze. Nasema mwite fundi aifungue aiangalie sasa, ukiwa na nguvu ya kuchagua. Mimi nilichagua nikiwa Kitonga.

Mkulima wa Kikondo

Mama, kama ni wewe yule mwenye IST ya kijivu, tunakufahamu, mbegu zako zinaota. Ila masika barabara yetu haitambui IST wala Harrier, zote tunazisukuma. Mzigo mkubwa kodi kirikuu (kile kipikapu kidogo), siku moja tu umemaliza wateja wote. Usinunue gari la milioni 27 kwa ajili ya tope letu.

Halafu hiyo akiba ya 8 si ndiyo ya kuingizia mbolea kabla ya mvua za Novemba? Msimu uliopita uliishiwa katikati tukakufuata mpaka Igurusi kwa watu wengine.

Mama Pembejeo

Mkulima umenitoa machozi, sitataka kujua ni nani. Ndiyo, ndiyo hela ya mbolea.

Dalali, nimefanya ulivyosema. Nimemtuma mdogo wangu wa kiume, kavaa vizuri, kajifanya anatoka Songwe kwenye dhahabu. Hakutaja IST. Wamemwambia 26, wakaja 25, alipoanza kutembea kuelekea getini wakamwita: milioni 24.5, mwisho.

Kwa hiyo mimi niongezee 20, mwenye taslimu alipe 24.5. Yaani IST yangu walikuwa wanaipokea kwa milioni nne na nusu huku wakinitajia saba, na mimi nikawashukuru kwa mikono miwili.

Fundi, jibu la swali lako: Kyela haligunii kabisa. Linakimbia mpaka mama analalamika. Sikuwahi kuliunganisha hilo na mlima, nilidhani linafurahi kwenda nyumbani.

Dalali Mstaafu

Nne na nusu. Na sokoni IST iliyotunzwa, ukiwa mvumilivu, bila dalali (naumia kuandika hivi), hukosi 8.5 au 9. Hata ukija kuamua Harrier baadaye, iuze mwenyewe kwanza, uhamishe kadi TRA siku hiyo hiyo, ndipo uende yadini na hela mfukoni.

Ila tazama na hii. Daftari lako la mwaka mzima linajumlisha 1,190,000. Marejesho ya miezi miwili tu ni 1,360,000. Riba peke yake kwa miezi 24 ni 4,320,000. Na petroli: IST kwa milima yenu tuseme kilomita 12 kwa lita, Harrier 8. Kwa kilomita zako 1,200 ni lita 50 zaidi kila mwezi; lita ikiwa 3,000, hiyo ni 150,000 nyingine.

Mtoto wa Soweto

Basi mama bakia na IST. Mimi nilikuwa nasema tu.

Mama Pembejeo

Mrejesho wa Jumamosi.

Nimeipeleka kwa fundi, siyo wa hapa, jirani yangu tu wa Uyole. Oili ya gia ilitoka nyeusi kama chai ya msibani. Radieta ni nzima, Nesi, nimehakikisha kwa macho yangu. Kisha akafungua boksi la filta ya hewa, akanyamaza. Akaniita.

Ndani kulikuwa na kiota. Nyuzi za gunia, karatasi za risiti zangu zilizotafunwa, na mbegu za mahindi za rangi ile nyekundu ya dawa, mbegu zangu mwenyewe za dukani, zimepangwa pembeni kama akiba ya msimu. Gari nalilaza ubavuni mwa stoo. Filta ilikuwa na tundu la kupitisha dole gumba, na upande uliobaki umezibwa na manyoya na vumbi. Panya hakuwepo. Kwa rangi ya zile mbegu sidhani kama alifika mbali.

Filta mpya, plagi mpya, T-IV, ufundi: 310,000. Jana nimepanda Isyonje na mzigo ule ule, O/D imezimwa. Halijawa Harrier. Bado nilikuwa nyuma ya Coaster, lakini safari hii haikuniacha, na konda alikuwa ananiangalia kwenye kioo.

Saccos nimewaambia wangoje, milioni 8 inaenda kwenye mbolea. Shemeji anakuja Pasaka. Ndaga fijo wote. Na mwenye paka Uyole, anayejua kazi, anitafute.