Uyoga mweusi kama makala (makaa) kutoka Urusi (chaga), mama mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kunywa?

mama_himbi:
Jambo bandugu. Mdogo wangu anasomea Moscow, juzi alirudi likizo hapa Goma akatuletea mfuko mzima wa vipande vyeusi, vigumu, nyufa nyufa, ukivunja ndani ni rangi ya kutu. Anasema ni uyoga unaitwa chaga, eti kule wazee wanaunywaga kama chai, ya tumbo, ya ini, mpaka ya kansa. Mimi niliona makala tu. Na si mimi peke yangu, mtoto anayetusaidia nyumbani alitia kimoja mu mbabula (jiko la makala) asubuhi, akashangaa hakitoi ndimi za moto, kinafuka tu, tukaenda soko tukarudi kingali chekundu ndani 😂

Sasa shida njo hii, mama yetu iko na sukari, anajidunga insulini, na munganga alishamwambia figo zimeanza kuchoka. Lakini ameshika neno moja, dawa ya miti haiumizi mtu. Munijibu mbio, yule mama hana subira.

mzee_wa_baridi:
Dada pole, lakini umenichekesha, maana yule mtoto amefanya kile kile wenyewe wanafanyaga. Nilikaa Tomsk, kule Siberia, miaka sita kwa masomo. Chaga inaota kwenye mti wa beryoza, ule wenye ganda jeupe, unapenda baridi, ndiyo maana utaikuta Siberia, Finland, mpaka Kanada, na wenyeji wa kaskazini ya Kanada walikuwa wanaitumia kuwashia na kubebea moto kwa sababu inaungua polepole bila kuzimika. Wakhanty wa Siberia wao wanaichoma mpaka iwe kaa jekundu, wanaitumbukiza mu maji ya moto, wanakoroga, yale maji meusi njo sabuni yao. Na wanakunywa chai yake kwa tumbo, ini, hata kifua kikuu.

Bibi niliyepanga kwake hakuwa anachemsha kabisa! Analoweka kwanza mpaka ilainike, anasaga, anamimina maji ya vuguvugu tu, anaacha siku mbili, anachuja. Inakuwa kama chai kavu, uchungu kidogo. Serikali ya Kisoveti iliikubali kama dawa mwaka 1955, ila karatasi yake ilikuwa inakataza kuchanganya na pensilini ao seromu ya glukozi. Kwa hiyo hata wenyewe hawakusema haiumizi mtu.

infirmie_bkv:
Mama Himbi, niko Bukavu, nafanya kazi na bagonjwa ba figo. Tafadhali USIMPE. Chaga imejaa oksalati, ni kitu kile kile kiko mu lengalenga, tofauti ni kwamba lengalenga unachemsha unamwaga maji, chaga wewe unakunywa yale maji yenyewe. Figo nzima inajikaza inatoa, figo iliyochoka inabaki nayo, inaganda ndani. Kule Japani mama mmoja wa miaka 72, mwenye kansa ya ini, alikuwa anakula unga wa chaga vijiko vya chai 4 ao 5 kila siku, miezi 6, figo zikakufa akaishia kwa mashine ya kusafisha damu, madaktari waliandika kisa chake 2014. Halafu kwa panya imeonekana inashusha sukari, sasa ongeza insulini juu yake, mama anaweza kuzimia usiku mumelala. Na ya kansa, ni kwenye chupa za maabara na panya, kwa mtu bado.

dawa_asili_kivu:
Musihangaike na ya Urusi, tuko nayo hapa hapa ya msitu wa Kahuzi, nguvu ni ile ile, inaota kwa miti mikubwa, ngumu kama ubao. Dola 10 mfuko. Andikeni inbox

mzee_wa_baridi:
@dawa_asili_kivu kaka, Kahuzi kuna beryoza? Tangu lini? Kitu kigumu chochote kwenye gogo si chaga, unauzia watu usichokijua. Sisi wenyewe mvua ikinyesha mama anachagua buyoga mmoja mmoja, wasioujua wanatupa, sasa huu wa gogo tunywe tu kwa sababu umepewa jina la Kirusi?

dawa_asili_kivu:
Kila mtu na imani yake

infirmie_bkv:
Imani sawa, basi wasio na ugonjwa wakunywe kidogo wakitaka. Ila mwenye figo, mwenye sukari, mwenye komprime za kulainisha damu, hapana.

mama_himbi:
Asanteni sana. Nimemsomea yote, mpaka ile ya yule mama wa Japani. Amenyamaza muda, kisha ameuliza: "Alikuwa anakula vijiko vitano? Mimi ningekunywa kimoja." 😩 Nimechukua mfuko nimeuficha kwa jirani. Jirani naye ameniuliza kama anaweza kuwashia mbabula.