Tupeane uzoefu: paneli ya seva inapokwama wakati wa kuingia

Mwanzisha mada, Nakuru

Wenzangu mnaotunza seva kuanzia hapa Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, naomba tuzungumzie tatizo moja tu. Mtu anafungua paneli ya kusimamia seva kwenye brauza, iwe ni Webmin kwenye poti ya 10000, Cockpit kwenye 9090 au Proxmox kwenye 8006, anaandika jina na nywila vilivyo sahihi, kisha anangoja mpaka anaambiwa kwamba muda umekwisha.

Kila atakayechangia aanze kwa kueleza kusubiri kulianzia wapi, kwa sababu malalamiko yanayotufikia kutoka kwa watumiaji ni yale yale ilhali visa ni tofauti. Kuna ukurasa wa kuingia usiofunguka kabisa, na hapo mimi huishuku njia ya mtandao. Kuna ukurasa unaofunguka vizuri lakini unanata baada ya kubonyeza kitufe, na hapo mara nyingi seva yenyewe inasubiri jibu kutoka kwingine. Kisha kuna paneli inayokupokea na kukutoa papo hapo, ambayo hunipeleka moja kwa moja kwenye kuki (alama ndogo ambayo brauza huhifadhi ili paneli ijue kwamba umeshaingia) na saa. Tafadhali pia msituambie tu kwamba mliwasha seva upya ikapona. Kuwasha upya hufuta ushahidi, na wiki ijayo tatizo linarudi na hakuna anayejua lilitoka wapi.

Naanza na kisa cha ofisi moja ya hapa mjini. Webmin yao ilikuwa nyuma ya proksi ya nginx, yaani programu inayopokea maombi ya brauza na kuyapeleka kwa Webmin. Ukurasa wa kuingia ulifunguka mara moja, lakini baada ya kubonyeza kitufe kulikuwa na kimya cha muda mrefu, na mwishowe nginx ilitoa kosa la 504, yaani imengoja jibu la Webmin mpaka muda ukaisha. Wahusika walikuwa wamekwisha kuamua kwamba seva imezeeka na inahitaji kumbukumbu (RAM) zaidi, ingawa amri ya `top` ilionyesha kwamba haina kazi yoyote ya maana. Jambo lililonivutia ni kwamba hata `sudo`, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, ilikuwa ikichelewa kwenye seva hiyo hiyo, na `sudo` haihusiani kwa vyovyote na brauza wala proksi.

Ofisi ilikuwa imebadilisha kampuni ya intaneti, lakini faili ya `/etc/resolv.conf` ilibaki na anwani mbili za seva za DNS (zinazotafuta anwani za majina ya kompyuta) za kampuni ya zamani, ambazo hazikuwa zikijibu tena. Linux, isipoelekezwa vinginevyo, husubiri sekunde 5 kwa kila seva ya DNS na kurudia mzunguko mara 2, kwa hiyo swali moja lisilo na wa kulijibu lilikuwa likila takriban sekunde 20. Wakati wa kuingia huenda yakaulizwa maswali kadhaa, kama vile jina la kompyuta inayoingia na jina la seva yenyewe, na maswali matatu ya namna hiyo yanatosha kufika sekunde 60, ambazo ndizo nginx hungoja kwa kawaida kabla ya kukata tamaa. Ushahidi ulipatikana kwa amri ya `time getent hosts`, inayopima muda wa kutafuta jina, ikifuatwa na anwani ya laptopu tuliyokuwa tukiitumia. Tuliweka anwani ya DNS iliyo hai na kuliandika jina la seva ndani ya `/etc/hosts`, na kuingia kukawa kwa haraka.

Najua wapo wanaotatua jambo hili kwa kuongeza `proxy_read_timeout`, yaani muda ambao nginx hungoja, hadi sekunde 300. Sioni faida yake, kwani mtumiaji anaendelea kuteseka vile vile, ila sasa anateseka kwa dakika tano.

Mchangiaji, Kisumu

Asante mwenzangu wa Nakuru. Kisa chetu ni kile cha kupokelewa na kutolewa, nacho kilitokea katika zahanati moja inayotumia paneli iliyoandikwa na mkandarasi. Rekodi za matukio za seva zilionyesha kwamba mtumiaji ameingia kwa mafanikio, lakini kwenye brauza alirudishwa kwenye ukurasa wa kuingia akiwa na ujumbe kwamba kipindi chake (session) kimekwisha, hata kabla hajagusa kitu.

Saa ya seva ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Saa ya kwenye ubao wa kompyuta ilikuwa imewekwa kwa UTC (saa ya kimataifa, sawa na GMT), ilhali mfumo uliambiwa kwamba ni saa ya hapa nyumbani, kwa hiyo kila stima ilipopotea na seva kuwaka tena, Linux iliondoa saa tatu ambazo hazikupaswa kuondolewa. Kwa kawaida chrony, programu ya kusawazisha saa, ingerekebisha hali hiyo kupitia intaneti, lakini fayawoli ya jengo ilizuia poti ya 123 ya UDP, ambayo chrony huitumia. Paneli ilikuwa ikitoa kuki yenye tarehe ya kuisha saa moja mbele kwa hesabu ya seva, jambo ambalo kwa hesabu ya laptopu ya mtumiaji lilikuwa saa mbili zilizopita. Brauza ikaitupa kuki hiyo mara tu ilipoipokea, na kwa kweli ilikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Nawatahadharisha kuhusu mtego mmoja. Tulipotumia `curl -I` ili kusoma kichwa cha `Date`, fundi mmoja alisema kwamba tofauti ni ya kawaida, kwa kuwa kichwa hicho huandikwa kwa GMT na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Ni kweli, ila sisi tulikuwa tunapima saa 09:00 asubuhi, na kichwa kilipaswa kusoma 06:00, kilisoma 03:00. Baada ya kuona hilo tuliendesha `timedatectl set-local-rtc 0`, inayouambia mfumo kwamba saa ya ubao ni ya UTC, tukaomba poti ya 123 ifunguliwe, na mkandarasi akaombwa atumie `Max-Age` kwenye kuki badala ya tarehe, ili brauza ihesabu sekunde kuanzia inapoipokea bila kutegemea saa ya seva.

Mchangiaji, Eldoret

Naongezea kidogo juu ya saa. Kwenye Proxmox, tiketi anayopewa mtumiaji baada ya kuingia hudumu kwa saa mbili, na kila seva iliyo katika kundi moja hukubali tiketi iliyotolewa na nyingine. Saa za seva zikitofautiana sana, unaingia vizuri kwenye seva ya kwanza, kisha ukibofya mashine pepe iliyo kwenye seva ya pili unakataliwa. Anayeona dalili hiyo aendeshe `chronyc tracking`, inayoonyesha saa imepotoka kiasi gani, kwenye kila seva kabla hajagusa nywila ya mtu yeyote.

Mchangiaji, Bungoma

Kwetu ukurasa haukufunguka kabisa, tena ulikuwa haufunguki kwa ofisi nzima, halafu baada ya muda ulifunguka wenyewe bila mtu kufanya lolote. Tulikuwa na fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, iliyoachwa na viwango vyake vya kawaida: makosa 5 ndani ya dakika 10 humfungia mtu kwa dakika 10. Simu ya mfanyakazi mmoja ilikuwa na programu iliyohifadhi nywila ya zamani na kuijaribu tena na tena chini kwa chini. Kwa kuwa ofisi nzima hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja, kosa la simu hiyo lilitufungia sote. Kanuni yetu ya fayawoli iliandikwa DROP, yaani pakiti zilitupwa bila jibu, na ndiyo sababu brauza ilingoja mpaka muda ukaisha. Ingekuwa REJECT, tungekataliwa mara moja na kuelewa mapema zaidi. Jaribio lililotufungua macho lilikuwa kuunganisha laptopu kwa data ya simu, ambapo paneli ilifunguka bila shida.

Mchangiaji, Siaya

Kisa changu ni kifupi. Diski ilikuwa na nafasi tele kwa mujibu wa `df -h`, lakini `df -i` ilionyesha kwamba nafasi za kuandikisha faili zimejaa kwa asilimia 100, kutokana na faili ndogo ndogo za vipindi vya PHP ambazo hazikuwa zikisafishwa. Paneli ilishindwa kuandika kipindi kipya, na kila mtu alirudishwa kwenye ukurasa wa kuingia.

Mchangiaji, Kakamega

Hiki ndicho kisa kilichotusumbua kuliko vyote. Seva iko Eldoret na sisi tuliifikia kupitia handaki la WireGuard (aina ya VPN) lililopita juu ya laini ya simu. Ping ilijibu, poti ya 8006 ilikubali muunganisho, lakini brauza ilizunguka bila kuonyesha hata ukurasa wa kuingia. Wenzetu walioko Eldoret walifungua paneli hiyo hiyo bila tatizo, na hivyo kila upande ulikuwa na hakika kwamba kosa ni la upande wa pili.

Chanzo kilikuwa ukubwa wa juu wa pakiti (MTU). WireGuard kwa kawaida huanza na baiti 1420, lakini njia ya laini ile haikuweza kupitisha pakiti za ukubwa huo zikiwa zimefungashwa, na ruta mojawapo katikati ilizuia ujumbe wa ICMP ambao ungemwarifu mtumaji apunguze. Pakiti ndogo za ping na za kufungua muunganisho zilipita. Seva ilipotuma cheti chake cha usalama, ambacho hujaza pakiti nzima, pakiti hizo zilipotea njiani, nayo ikarudia kuzituma bila mafanikio. Tulithibitisha kwa `ping -M do -s 1392`, ambayo pamoja na vichwa vyake vya baiti 28 hufika 1420: haikurudi, ilhali tulipopunguza namba ilirudi. Tulishusha handaki hadi 1280 pande zote mbili na ukurasa ukafunguka.

Mwanzisha mada, Nakuru

Ndugu wa Kakamega, je, mlilazimika kubadilisha kila laptopu iliyounganishwa, au mlipata njia ya kulifanya mahali pamoja?

Mchangiaji, Kakamega

Laptopu hatukuzigusa, kwa kuwa handaki linaishia kwenye ruta na si kwenye kompyuta za watumiaji. Kwenye ruta tuliongeza pia kanuni ya iptables (fayawoli ya Linux) ya `TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`, ambayo hupunguza ukubwa wa vipande vya TCP tangu muunganisho unapofunguliwa. Ambaye handaki lake linaishia kwenye laptopu yenyewe atahitaji kuandika `MTU = 1280` katika sehemu ya `[Interface]` ya faili ya kila mtumiaji.

Mchangiaji, Kisumu

Nasi tuna ruta inayogawa mizigo kati ya faiba na laini ya simu, na paneli ya cPanel iliyokuwa ikitutoa katikati ya kazi, kwa sababu ombi moja lilitoka kwa anwani hii na linalofuata kwa ile. Badala ya kulegeza ukaguzi wa anwani kwenye kuki, tuliiagiza ruta ipitishe safari zote za kwenda kwenye seva hiyo kwa faiba pekee, na laini ya simu itumike tu faiba inapokatika.